Muuzaji alisema ni ya Konstantino Mkuu, herufi zinasema vingine

SWALI

Mzee wangu, shikamoo.

Mimi ni mtoto wa Tanga, naishi Leicester huku Uingereza mwaka wa saba sasa, kazi yangu udereva wa basi. Nakuandikia kwa jambo ambalo wenzangu kazini wanaliona dogo, lakini mimi limeninyima raha wiki ya tatu hii.

Binti yangu ametimiza miaka kumi mwezi uliopita. Shuleni wanasomeshwa habari za Warumi, jinsi walivyotawala huku kwa zaidi ya miaka 350, na nyumbani kwetu siku hizi ni Warumi asubuhi, Warumi jioni. Nikasema zawadi yake ya mwaka huu nitamtafutia sarafu ya Kirumi ya kweli, aishike mkononi. Jumapili moja nikaenda kwenye soko la vitu vya mtumba, nikamkuta mzee mmoja ana kisanduku cha sarafu kuukuu, kila moja ndani ya kijifuko chake. Akanichagulia moja, akaniambia hiyo ni ya Konstantino Mkuu mwenyewe, imegongwa Konstantinopoli, ndiyo Istanbul ya leo. Akanionyesha kwa kidole jina CONSTANTINVS upande wa kichwa, kisha CONST chini upande wa pili. Niliziona herufi kwa macho yangu, sikuwa na la kubisha. Nikatoa pauni 35.

Binti alifurahi mpaka akalia. Analala nayo chini ya mto. Ameshawatangazia wenzake kwamba ana sarafu ya mfalme aliyejenga Istanbul, na mwalimu amemwomba aje aieleze mbele ya darasa mwisho wa muhula.

Sasa shida yangu. Tulipokaa kutafuta picha ili tuandae maelezo, nikaona sarafu za Konstantino Mkuu zina MAX AVG baada ya jina. Ya kwetu haina. Baada ya CONSTANTINVS nasoma kama IVN, halafu N, halafu herufi ya mviringo, halafu B, mwisho C. Upande wa nyuma kuna watu wawili wamesimama na mikuki, na katikati yao milingoti miwili kama ya bendera. Maandishi ya kuzunguka nasoma GLOR, kisha ukijani umefunika, kisha EXERC, kisha ITVS. Mbele ya ile CONST ya chini kuna herufi moja, nadhani ni P. Upana ni milimita 17. Sonara wa mtaani kwetu alinipimia uzito, akapata gramu 2.4.

Rafiki yangu mmoja anasema nimeuziwa bandia. Mke wangu anasema niisafishe kwanza ndipo tutaona vizuri. Marehemu bibi yangu alikuwa anasugua masinia ya shaba kwa ndimu na majivu mpaka yanang'aa kama dhahabu, na ndimu zipo jikoni. Nimejizuia mpaka nipate jibu lako.

Sarafu hii ni ya nani? Nimetapeliwa? Niisafishe vipi? Na binti yangu nimwambie nini?

Baba wa binti wa miaka kumi, Leicester

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mpe binti pole na hongera kwa pamoja, na kabla hujaendelea kusoma, zile ndimu ziondoe mezani.

Nimeanza na ndimu kwa sababu mambo mengine yote yanaweza kusubiri, hilo haliwezi. Sinia la bibi yako lilikuwa shaba nzima yenye weusi wa juujuu. Ukiutoa, chini yake unakuta sinia lile lile. Sarafu iliyokaa ardhini miaka 1,600 na ushei si hivyo. Ule ukijani na udhurungi unaouona ni shaba yenyewe iliyogeuka, na mara nyingi pua ya mfalme, majani ya taji lake na mistari ya herufi vimebaki ndani ya gamba hilo, wala si chini yake. Asidi ya ndimu hula gamba, na majivu humaliza kilichobaki. Nilifanya kosa hilo mwaka wangu wa kwanza, kwa sarafu ambayo nilikuwa bado sijaisoma. Baada ya robo saa nilibaki na kipande cha shaba chekundu kama ngozi mpya iliyotoka kuungua, laini, hakina hata herufi moja. Mpaka leo sijui ilikuwa ya nani, na hakuna atakayejua tena.

Kama ina udongo, iloweke kwenye maji yasiyo na chumvichumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya pasi za mvuke na betri za magari. Badilisha maji kila baada ya siku chache, kisha uchokoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mti. Si sindano, si waya wa chuma, si dawa ya meno. Baada ya hapo ikaushe kabisa. Kitu kimoja tu ndicho cha kukutisha: ungaunga wa kijani kilichopauka, unaopukutika ukiugusa na kurudi tena baada ya kuupangusa. Huo ni ugonjwa wa shaba, unaletwa na chumvi iliyomo ndani ya madini ikikutana na unyevu, na sarafu yenye dalili hiyo itengwe na nyingine, iwekwe pakavu, ionwe na mtu mwenye ujuzi. Na chini ya mto wa mtoto si mahali pake, kuna joto na jasho. Mnunulie kisanduku kidogo, mtie ndani vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya.

Sasa tuisome. Kosa la karibu kila anayeanza ni kutazama uso kwanza. Nyuso za karne ya nne zinafanana mno, baba na watoto wake wamechorwa kama mtu mmoja. Tuanzie nyuma.

Wewe mwenyewe umeshafanya sehemu kubwa ya kazi bila kujua. GLOR, pengo, EXERC, ITVS. Kilichofunikwa na ukijani ni herufi mbili tu, I na A. Maneno kamili ni GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi, na ile V isikubabaishe, Warumi waliandika U kwa V. Herufi zimekatikakatika kwa sababu mchongaji alikuwa anakwepa vichwa vya askari na mikuki yao, si kwa sababu ni maneno tofauti. Hao watu wawili ni askari wanaotazamana, kila mmoja ana mkuki mkono mmoja na mkono mwingine umeegemea ngao. Ile miti ya katikati ni milingoti ya vikosi, na idadi yake ndiyo inayotupa miaka. Sarafu zenye milingoti miwili ziligongwa kati ya mwaka 330 na 335. Baada ya hapo serikali ikapunguza shaba, sarafu ikawa ndogo na mlingoti ukabaki mmoja. Uzito uliolengwa ulikuwa kama gramu 2.5 kwa zile za mwanzo, ukashuka hadi kama 1.7 kwa zile za baadaye. Ya kwako ina miwili na ina gramu 2.4. Mpe sonara wako shukrani zangu, amekusaidia kuliko alivyodhani.

Upande wa kichwa, umesoma IVN, N, kitu cha mviringo, B, C. Hiyo ni IVN NOB C, na hapo ndipo Konstantino Mkuu anapotoka kwenye picha. IVN ni Iunior, yaani mdogo. NOB ni Nobilissimus, mtukufu sana. C ni Caesar. Sisi tuliokulia kwenye Biblia ya Kiswahili, au tuliosikia tu watu wakisema ya Kaisari mpe Kaisari, tunadhani Kaisari ndiye mkubwa wa wote. Zamani za Tiberio ilikuwa hivyo. Ilipofika karne ya nne, mkubwa aliitwa Augusto, ndiyo ile AVG uliyoiona kwenye picha, na Kaisari akawa mdogo wake, mrithi anayengoja zamu. Kwa hiyo sarafu ya binti yako inamtaja Konstantino wa Pili, mtoto wa Konstantino Mkuu. Jina moja, watu wawili, na wauzaji wengi huishia kwenye jina.

Ukitaka kuthibitisha, fanya hivi usiku wa leo. Zima taa ya chumba. Weka sarafu juu ya kitambaa cheusi, washa tochi ya simu na uilaze karibu usawa wa meza, mwanga upite juu ya sarafu kwa ubavu. Izungushe sarafu pole pole, tochi usiisogeze. Herufi ambazo mchana hazikuonekana zitatupa vivuli, na utaona kichwani mwa mtu huyo kama kuna majani yamepangana moja juu ya jingine, au kuna mkanda wenye vito. Majani ni taji la Kaisari. Mkanda wa vito ndio alioupenda Augusto katika miaka hiyo. Ninategemea utaona majani. Hapo piga picha, usiiguse tena.

Nimebakiza CONST ya chini, na kwa kweli hapa ndipo palinipa furaha niliposoma barua yako.

Chini ya mstari wanaosimamia askari, Warumi waliandika alama ya kiwanda kilichogonga sarafu. Jambo hili si geni kwetu. Neno letu hela limetokana na Heller, sarafu ya Mjerumani alipotawala Tanganyika. Heller hizo zina herufi ndogo: A ukikuta ni Berlin, J ni Hamburg. Na mwaka 1916, vita vilipokuwa vimewabana na meli haziji, wakagonga za heller 20 Tabora, wakatia herufi T. Mimi nilijifunza kazi hii kwa T ya Tabora kabla sijashika sarafu yoyote ya Mrumi, na kanuni ni ile ile: herufi ndogo ya chini inakupeleka mjini, lakini lazima ujue ni mji gani ulitumia herufi gani.

Muuzaji aliona CONST akasema Konstantinopoli. Ni kosa jepesi kulifanya. Lakini sarafu za Konstantinopoli za miaka hiyo zimeandikwa CONS, kisha herufi ya karakana ikafuata mwishoni: CONSA, CONSB, na kuendelea kwa herufi za Kigiriki. Ya kwako ina T, na herufi ya karakana iko mbele. PCONST ni karakana ya kwanza, P ya prima. Ingekuwa SCONST ingekuwa ya pili, secunda. Na hicho ni kiwanda cha Arles, mji ulio kwenye mto Rhône, kusini mwa Ufaransa. Mji huo ulibadilishwa jina ukaitwa Constantina kwa heshima ya ukoo huo, na sarafu zake zikabeba jina jipya. Kwa hiyo neno moja linalofanana limempeleka muuzaji hadi Istanbul, kumbe alitakiwa kusimama Ufaransa.

Sasa usihuzunike kwamba umepoteza Istanbul. Fikiria unakoishi. Kiwanda cha sarafu cha London kilifungwa mwaka 325 hivi. Baada ya hapo chenji ya watu wa kisiwa hicho ilitoka ng'ambo, hasa Trier, Lyon na hiyo Arles. Leicester penyewe palikuwa mji wa Warumi, ukiitwa Ratae, na ukuta wa bafu lao la umma bado umesimama katikati ya mji, ule wanaouita Jewry Wall. Mpeleke binti pale Jumamosi moja, sarafu ikiwa mfukoni mwako. Sijui sarafu hii hasa ilifukuliwa wapi, lakini sarafu za aina hii, zenye askari wawili na PCONST chini, ndizo walizolipia mkate watu wa huko alikozaliwa au anakosoma yeye. Konstantinopoli ina jina kubwa, lakini hii ina ujirani naye.

Je, ni bandia? Bila kuishika siwezi kuapa, lakini uliyonieleza yote yanaafikiana: maneno, milingoti, uzito, upana, kiwanda. Mwigaji mvivu hukosea angalau kimoja. Tazama ukingo kwa kioo cha kukuzia. Ukikuta mstari unaozunguka ukingo wote kama mshono wa ndoo ya plastiki, au vitundu vidogo vidogo vya mapovu usoni, basi imemiminwa kwenye kalibu na haikugongwa, hapo uwe na wasiwasi. Ukikuta ukingo umepasuka kidogo au picha imekaa upande, usijali, ndivyo zilivyotoka chini ya nyundo.

Kuhusu pesa nitakwambia wazi. Pauni 35 ni nyingi. Sarafu hizi ziligongwa kwa wingi mno na zinaokotwa mpaka leo, na mimi kwa hali uliyoieleza nisingetoa zaidi ya 15. Sidhani yule mzee amekutapeli, nadhani naye alisoma jina akaridhika. Rudi kwake na picha zako, umweleze kwa upole, huenda akakurudishia kidogo au akakupa nyingine. Muhimu zaidi muulize alikoipata. Sarafu ikishang'olewa shambani bila kuandikwa mahali ilipokuwa, nusu ya habari yake imepotea, na nyingine hutoka kwenye magofu yanayochimbwa usiku na wezi. Uingereza na Wales wana mpango unaoitwa Portable Antiquities Scheme, ambao umeorodhesha zaidi ya vitu milioni moja vilivyookotwa na watu wa kawaida. Muuzaji anayejua shamba na wilaya mpende. Anayekasirika ukimuuliza, mwachie sarafu zake.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, kuna hazina ya bure kwenye intaneti iitwayo OCRE, inayosimamiwa na American Numismatic Society. Chagua mfalme, chagua kiwanda cha Arles, andika GLORIA EXERCITVS, utaletewa orodha na picha. Hapo utahitaji jambo moja ambalo hukunieleza: katikati ya ile milingoti miwili kuna nini? Katika kiwanda hicho walikuwa wakibadilisha kialama, mara nyota, mara tawi la mtende, mara taji la majani, na kila kialama ni toleo lake. Ukikijua, miaka ile mitano itapungua.

Umebakia na swali lako gumu kuliko yote, la binti. Mwambie leo, wewe mwenyewe, kabla ya siku ya darasa. Mwambie, "Mwanangu, baba aliambiwa hivi, akaangalia vizuri, akakuta ni hivi." Halafu mpe habari ya huyu kijana, maana inamfaa mtoto wa miaka kumi kuliko ya baba yake. Aliitwa Kaisari tarehe 1 Machi mwaka 317, hajajua hata kusema vizuri. Sarafu hii ilipogongwa alikuwa kijana wa umri wa sekondari, amevalishwa deraya na taji, sura imechorwa kama ya mtu mzima. Baba yake akafa mwaka 337, yeye na ndugu zake wawili wakagawana dola, na haikupita muda wakagombana. Mwaka 340 aliingia Italia na jeshi kumkabili mdogo wake Konstanti, akavamiwa karibu na Aquileia, akauawa. Alikuwa hajafika miaka thelathini. Na ule mji wa Arles ukaacha kwa muda kuandika jina la Constantina kwenye sarafu zake.

Mpe tochi aishike yeye. Wewe zungusha sarafu. Mwache aisome IVN kwa macho yake, herufi moja moja, aandike kwenye daftari anachokiona na si anachokitarajia, na pale asipoona aache nafasi wazi. Darasani aende na daftari hilo pamoja na sarafu. Na akishaona kilichopo kati ya ile milingoti, nyota, tawi au taji, mniandikie.